Mchicha Uliokaa na Njaa Juu ya Mbolea

Tuta lilikuwa moja, lakini nusu yake ilikuwa ya kijani na nusu ya njano.

Bustani yenyewe iko bondeni, Dar es Salaam, si mbali na ninapokaa, na ndiko ninakonunua mboga jioni nikitoka kazini. Mama anayelima pale alikuwa amechuchumaa katikati ya tuta. Aling'oa mche mmoja kila upande akailaza yote miwili kiganjani ili niione. Wa kwanza ulikuwa na majani mapana na shina nene. Wa pili ulikuwa mfupi, majani yake ya chini yamepauka hadi kukaribia weupe, ya juu yakiwa bado na ukijani kidogo. Mbegu ni ileile, maji ni ya kisima kilekile, na zote zilisiwa siku moja.

"Huku kwenye njano ndiko nimeweka mbolea nyingi, mwanangu," akasema.

Upande wa kijani ulikuwa umepata mbolea ya kuku ya zamani, iliyokaa kwenye viroba nje tangu kiangazi. Upande wa njano ulipata viroba vipya, vilivyozolewa karibuni kwenye banda la vifaranga wa broila. Nilichota konzi moja nikaitazama. Karibu yote yalikuwa maranda, bado yana rangi ya mbao, na kinyesi kimeshikilia huku na huku.

"Mbolea hii imekataa," akasema mama, akapukuta mikono.

Jambo hilo limenikaa kichwani wiki nyingi. Mbolea inakataaje?

## Wanaotangulia mezani

Mzizi hauwezi kula kinyesi wala jani lililooza. Unafyonza vitu vidogo vilivyokwisha kuyeyuka majini: amoniamu, nitrati, fosfeti, potasiamu. Sehemu kubwa ya naitrojeni iliyomo kwenye taka imefungwa ndani ya protini na vitu vingine vikubwa ambavyo mzizi hauna la kuvifanya. Wanaovifungua ni bakteria na kuvu. Hawana mdomo wala meno. Hutoa vimeng'enya nje ya miili yao, vimeng'enya vinakatakata taka hukohuko nje, halafu wao wanafyonza vipande.

Hayo tunafundishwa shuleni. Lakini kuna kitu kimoja ambacho hakikuniingia mpaka nilipoiona ile njano: vijidudu havifanyi kazi hiyo kwa ajili ya mchicha. Vinakula kwa ajili yao.

Na vina kipimo chao cha chakula. Kwa uzito, mwili wa bakteria una kaboni takriban 8 kwa kila naitrojeni 1. Wakati huohuo anahitaji kaboni nyingine ya kuchoma ili apate nguvu, na hiyo hutoka kama hewa ukaa. Hesabu ambayo wataalamu wa udongo hupenda kuitumia ni kwamba kwa kila kaboni 8 za kujenga mwili, 16 nyingine huchomwa. Kwa hiyo mlo unaomtosha bila kubakiza wala kupungukiwa ni kaboni 24 kwa naitrojeni 1.

Sasa rudi kwenye viroba. Kinyesi cha kuku kitupu kina uwiano unaozunguka 10 kwa 1. Bakteria akila hicho anapata naitrojeni kuliko anavyohitaji, na ziada anaitoa kama amoniamu. Mmea unaokota. Maranda ni habari nyingine kabisa: kaboni mamia kwa naitrojeni 1. Akila maranda, naitrojeni inamwishia kabla ya kaboni. Basi anaitafuta kwingine, na kwingine ni kwenye maji ya udongo, mahali palepale mchicha unapochota.

Katika kinyang'anyiro hicho mche mchanga hauwezi kushinda. Gramu moja ya udongo mzuri inaweza kuwa na bakteria hadi bilioni moja, na kila mmoja ana ngozi yake ya kufyonzea. Mche una mizizi michache tu.

Upande wa njano haukukosa chakula. Kilikuwepo, ndani ya miili ya wengine.

Na hakikupotea. Kaboni iliyo rahisi kuliwa ikishapungua, bakteria wengi hufa. Wengine huliwa na protozoa na minyoo midogo isiyoonekana kwa macho, ambayo nayo haihitaji naitrojeni yote iliyomo kwenye bakteria, kwa hiyo inaitoa. Hapo ndipo naitrojeni inarudi majini na mizizi inapata sehemu yake. Shida ni kwamba mchicha huvunwa baada ya wiki tatu au nne. Ule wa njano ulikuwa unasubiri malipo ambayo yangefika baada ya yeye kung'olewa.

## Bomba la mchanga, 1877

Katika kusoma nilikutana na jaribio moja ambalo tangu hapo silitoki.

Mwaka 1877 Wafaransa wawili, Théophile Schloesing na Achille Müntz, walijaza mchanga na chokaa ndani ya bomba refu, wakawa wanamimina maji taka juu polepole na kupima kilichotoka chini. Wakati ule kulikuwa na ubishi: je, amonia ya uchafu hugeuka nitrati kwa sababu ya hewa na madini tu, au kuna kiumbe hai anayehusika?

Mwanzoni amonia iliingia, amonia ikatoka. Hali ikaendelea hivyo kwa takriban siku 20. Kisha nitrati ikaanza kuonekana, ikaongezeka.

Wakapitisha mvuke wa klorofomu ndani ya bomba, nitrati ikakoma. Wakaiondoa klorofomu, lakini nitrati haikurudi. Ndipo wakatia maji kidogo yaliyosuuziwa udongo wenye uhai, na baada ya muda kazi ikaanza upya. Mchanga haukubadilika, hewa haikubadilika, chokaa ni ileile. Kilichokufa na kufufuliwa kilikuwa hai.

Miaka 13 baadaye, mwaka 1890, Sergei Winogradsky akiwa Zurich alifanikiwa kuwatenga bakteria wenyewe, kwa kuwanyima kabisa chakula cha asili ya mimea au wanyama. Wanaishi kwa kuunguza amonia. Ni makundi mawili yanayopokezana: la kwanza hugeuza amonia kuwa nitriti, la pili huichukua nitriti na kuifanya nitrati.

Mengi yameandikwa kumhusu Winogradsky, na anastahili. Mimi nimebaki na zile siku 20 za bomba. Maji taka yalikuwepo, hewa ilikuwepo, joto lilikuwepo, na bado kwa siku 20 hapakuonekana kitu. Mtu mwenye haraka angesema jaribio limekataa, kama mama alivyosema mbolea imekataa. Wale wawili waliendelea kumimina na kupima.

## Usiyalaumu maranda

Nilipofika hapa nilitaka kurudi bustanini kumwambia mama asinunue tena mbolea yenye maranda. Nashukuru sikuwahi kufika, kwa sababu siku hizohizo nilipita kwenye banda la kuku na macho yakaanza kuwasha.

Ndege hutoa naitrojeni yao kama asidi ya yuriki, ile sehemu nyeupe kwenye kinyesi cha kuku. Vijidudu huibadilisha haraka kuwa yurea na kisha amonia, na amonia isipopata wa kuishika hupaa. Ukiingia bandani ukahisi pua inachoma, unavuta naitrojeni ambayo ilipaswa kufika shambani. Kinyesi kitupu kilicholundikwa peke yake hupoteza nyingi kwa njia hiyo, na ukikitia shambani kikiwa kibichi huunguza miche.

Anayeweza kuizuia amonia isiondoke ni bakteria mwenye njaa ya naitrojeni. Na bakteria hupata njaa hiyo akiwa na kaboni tele mbele yake.

Yaani maranda.

Kitu kilekile kilichonyima mchicha chakula ndicho kinachokihifadhi. Kinachotofautisha ni mahali na wakati: njaa ya vijidudu ikitokea ndani ya tuta lenye miche, mkulima anapata hasara, ikitokea kwenye rundo pembeni kabla ya kupanda, ni ghala.

Ndiyo maana rundo zuri ni mchanganyiko. Maranda na kinyesi, pamoja na kitu kibichi chenye maji: majani ya kabichi ya sokoni, maganda ya ndizi, magugu yaliyong'olewa kabla hayajatoa mbegu. Liwe na upana na kimo cha mita moja au zaidi ili joto lisitoroke. Maji yawe kiasi kwamba ukikamua konzi moja yatoke matone machache tu. Bakteria wa kawaida huanza, kazi yao inapasha rundo joto, na joto lenyewe linawaondoa na kuwapisha wanaopenda moto. Ndani ya siku chache katikati hufika nyuzi 55 hadi 65 za Selsiasi. Joto hilo likidumu siku kadhaa, na rundo likageuzwa ili kilichokuwa nje kiingie ndani, mbegu nyingi za magugu na vimelea vingi vya magonjwa hufa.

Mabwana shamba hufundisha kupima kwa fimbo, na nimeijaribu. Unaichomeka mshazari hadi moyoni mwa rundo, unaiacha humo, kisha unaichomoa na kuishika. Ikiwa ya moto na yenye unyevu, kazi inaendelea. Ikitoka na joto lakini kavu, ongeza maji. Ikitoka baridi na inanuka uozo, hewa haifiki, geuza. Niliyoichomoa mimi ilikuwa ya moto kiasi cha kunifanya niihamishe mkono wa pili. Huo ulikuwa moto wa viumbe wasioonekana wakila kabichi.

Rundo likianza kupoa, ndani yake huonekana utando mweupe unaofanana na majivu. Wengi hudhani ni kuvu. Mara nyingi ni bakteria wa jamii ya Streptomyces na ndugu zao, wanaotafuna yale magumu yaliyobaki, na ndio wanaotoa ile harufu ya ardhi iliyonyeshewa mvua. Katika jamii hiyohiyo, mwaka 1943, Albert Schatz, mwanafunzi katika maabara ya Selman Waksman kule Rutgers, New Jersey, alipata streptomaisini, dawa ya kwanza ya antibayotiki kutibu kifua kikuu. Aina moja ya bakteria walioitoa ilitoka kwenye udongo uliojaa samadi. Nyingine ilitoka kooni mwa kuku.

## Kwa nini maharage kwanza?

Kilichonigeuza mawazo kabisa hakikuwa cha Ulaya wala Marekani. Ni Mbinga, mkoani Ruvuma, kwa Wamatengo.

Wengi wetu tumeona picha za ngoro: miteremko mikali iliyojaa mashimo ya mraba, yamepangwa safu kwa safu. Sifa yake kubwa ni kuzuia mmomonyoko, na ni kweli, mvua ya milimani inatulia mashimoni badala ya kukimbia na udongo. Lakini angalia kilichomo ndani ya kingo zile. Nyasi hufyekwa, zikakauka, zikapangwa kwa mistari inayokatizana. Kazi hiyo kwa desturi ni ya wanaume. Kisha wanawake huchimba katikati ya kila mraba na kuutupa udongo juu ya nyasi mpaka zifunikwe. Kila ukingo unaoonekana ni kaburi la nyasi.

Nyasi kavu zina kaboni nyingi mno kuliko naitrojeni. Zikizikwa, vijidudu vitafanya vilevile vilivyofanya kwenye tuta la njano: vitazila, na vitachota naitrojeni ya udongo.

Na Wamatengo wanapanda nini kwanza juu ya nyasi hizo ambazo bado hazijaoza? Maharage. Hupandwa kwenye kingo karibu na mwisho wa mvua, mwezi wa tatu hivi. Mahindi yanasubiri msimu wa mvua unaofuata, mwishoni mwa mwaka.

Niliposoma mpangilio huo nilisimama.

Maharage yana vinundu mizizini, na ndani ya vinundu mna bakteria wanaochukua naitrojeni ya hewani, kundi ambalo Mholanzi Beijerinck alilitenga maabara mwaka 1888. Katika jamii ya kunde maharage si hodari sana wa kazi hiyo, lakini angalau yana mlango mwingine wa kupatia chakula katika miezi ile ambayo vijidudu vimeshikilia cha udongoni. Mahindi hayana mlango huo, na ni mlafi wa naitrojeni. Yanapofika zamu yake, nyasi zimekwisha oza, vijidudu vingi vimekufa na kuachia walichoshika, na ardhi iko tayari kulipa.

Kuna sababu nyingine za mpangilio ule, za mvua na za chakula cha nyumbani, sizipuuzi. Lakini naamini pia kwamba watu waliolima mteremko uleule kwa vizazi waliona njano niliyoiona mimi, waliiona miaka mingi kabla ya bomba la Schloesing, na wakaijibu kwa kubadilisha zamu ya mazao. Hawakuhitaji kumuona bakteria. Walimwachia muda wake.

Tunapowasimulia wageni kuhusu ngoro tunaishia kwenye uzuri wa mashimo. Naona tunawapunja Wamatengo.

## Chupa za dukani

Siku hizi kwenye maduka ya pembejeo unaweza kuuziwa vijidudu ndani ya chupa. Wazo hilo lilienezwa na Teruo Higa, profesa wa Chuo Kikuu cha Ryukyus, Okinawa, katika miaka ya 1980: mchanganyiko wa bakteria wa maziwa mgando, hamira na bakteria wanaotumia mwanga, unaomwagwa kwenye taka au shambani.

Nilivutiwa. Nilitaka iwe kweli, kwa sababu mama angeweza kununua chupa moja na tatizo likaisha. Lakini kati ya mwaka 2003 na 2006 watafiti wa Uswisi waliupima mchanganyiko wa aina hiyo shambani kwa namna ninayoiheshimu sana. Sehemu moja walitia vijidudu hai, nyingine walitia mchanganyiko uleule uliokwisha kuuawa vijidudu vyake kwa joto. Athari kidogo zilizoonekana zilitokana na kile kilichobeba vijidudu, si vijidudu vyenyewe.

Ukifikiri vizuri haishangazi. Mgeni wa chupani anaingia kwenye udongo wenye mabilioni ya wenyeji waliozoea joto lake, chumvi yake na ukame wake. Atakula nini ambacho wenyeji hawajakifikia?

Bakteria wa vinundu ni kesi tofauti. Soya, kwa mfano, ikipelekwa mahali ambapo haijawahi kulimwa inaweza kumkosa kabisa mwenzake udongoni, na kuipaka mbegu bakteria sahihi kunaleta tofauti inayoonekana kwa macho. Pale kuna nafasi iliyo wazi ya kujazwa. Kwenye rundo la taka hakuna aliyekosekana. Kila jani la kabichi linafika na wake. Kinachokosekana ni hewa, maji, mchanganyiko, na mtu wa kusubiri.

## Muda ni wa nani?

Nilirudi bondeni na haya yote kichwani. Nilimwamkia mama, tukakaa kwenye ukingo wa kisima, nikamweleza habari ya maranda na rundo. Alinisikiliza mpaka mwisho, hakunikatiza hata mara moja.

"Nimekuelewa, mwanangu," akasema. "Sasa nikiacha rundo hapo miezi mitatu, wakija kututoa mwezi ujao?"

Sikuwa na jibu.

Wakulima wa mboga wa jiji hili wengi wako mabondeni, chini ya nyaya za umeme, kwenye viwanja vya watu ambao bado hawajajenga. Hawana karatasi. Wanaweza kulima zao la wiki nne, kwa sababu wiki nne wana hakika nazo, na mbolea ya yurea ya dukani inaonekana kwenye jani ndani ya siku chache. Kumwambia mtu wa namna hiyo alundike taka ni kumtaka aweke akiba kwenye ardhi ambayo kesho inaweza kuwa ya mwingine. Tunasema wakulima hawana elimu ya mboji. Huyu elimu alikuwa nayo. Upande wa kijani wa tuta aliutengeneza mwenyewe, kwa viroba alivyovificha nyuma ya kibanda tangu kiangazi.

Na wakati huohuo malori yanapakia mabaki ya sokoni, matenga kwa matenga ya majani na maganda, yanayapeleka dampo la Pugu Kinyamwezi. Huko yanafukiana, hewa haifiki, na bakteria wa aina nyingine kabisa huyageuza kuwa methani. Taka zilezile, na vijidudu ambavyo vingetulisha, tunavilazimisha kuchafua hewa kwa sababu hatukutenga eneo la kuozesha. Jiji lina maeneo ya kuegesha magari na maeneo ya kutupia. Hilo la kuozesha nalitaka liandikwe kwenye ramani, karibu na kila soko kubwa, na liwe na ulinzi wa kisheria kama maeneo hayo mengine.

Mpaka hapo litakapopatikana, bondeni wamepata njia yao. Mfugaji wa broila aliyemuuzia mama viroba vile ana kiwanja chake mwenyewe, kimepimwa, hakuna wa kumtoa. Mama na wenzake wamemwomba rundo likae kwake. Wao wanampelekea magugu na majani mabovu, yeye anachanganya na maranda ya bandani, anamwagia maji na kugeuza, na anawauzia baada ya kuiva. Muda umehamishiwa kwa mwenye ardhi.

Ubishi uliobaki ni wa bei. Anataka kiroba kilichoiva kiwe mara mbili ya kibichi, na akina mama wanasema anawakamua, maana taka nyingine ni zao. Jumamosi iliyopita nilisimama nao wakibishana, nikaombwa nitoe neno. Nilisema ninaloamini. Rundo likiiva hubaki karibu nusu ya ukubwa wake, kwa kuwa kaboni iliyochomwa imekwenda hewani, hivyo viroba viwili vibichi vinazaa takriban kimoja. Bei mara mbili inamrudishia mali yake tu. Maji na jasho la kugeuza bado hajalipwa, na magugu ya akina mama nayo bado hayajahesabiwa. Wanakaa tena wiki hii kuvihesabu.